Mkuki Nao Ni Wetu

Tokyo, Oktoba 1964: Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho alinyakua shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Michezo hiyohiyo, Jānis Lūsis wa Latvia, akiwakilisha Muungano wa Kisovieti, alipata shaba ya mkuki. Miaka 4 baadaye, Mexico City, Kiprugut alichukua fedha, Lūsis dhahabu.

Walatvia, taifa dogo mno, wakaendelea kurusha na kuwapenda warushaji wao. Sisi wa mashamba ya chai, Kericho hadi Bomet, tukaendelea kukimbia, na tulifanya vyema. Lakini naumia nikikumbuka vijana wenye mabega mapana walioambiwa hawana kipaji kwa sababu tu waliachwa nyuma mbioni.

Julius Yego, kutoka kwa jirani zetu Nandi, hakukubali. Alijifunza kwa kutazama video za warushaji kwenye intaneti. Beijing, 2015, mkuki wake ulitua mita 92.72, akawa bingwa wa dunia. Rio 2016 akaleta fedha.

Mwalimu wa michezo, ukimwona msichana au mvulana anayechoka raundi ya pili lakini jiwe lake linavuka mto, usimrudishe darasani. Mtafutie mkuki. Mfundishe kukaza mguu wa mbele kabla ya kuachilia, ili nguvu ya mbio ipande kiunoni, ipite begani, iishie mkononi. Mita nyingi hupatikana hapo.