Kazi ya Pili: Mwalimu Juu ya Pikipiki

Swali hili laulizwa sana siku hizi katika mitaa ya Nyalukemba, wala si swali dogo. Mtu mwenye kazi yake, tuseme mwalimu, karani au mwuguzi, je, yafaa apande pikipiki jioni kubeba abiria ili aongeze mapato? Wengine humsifu kwa bidii yake. Wengine humcheka, wakisema njia mbili zilimshinda fisi. Sisi twaona yafaa kulipima jambo hili polepole, maana ndani yake mna chakula cha watoto, mna dhamiri ya mwenye kazi, na mna uhai wa abiria.

Katika miji mikubwa ya Afrika ya Mashariki kazi hii imepata sura mpya. Kampuni ya Uber ilianza Nairobi mwaka 2015, ikafika Kampala na Dar es Salaam mwaka 2016, na kampuni nyingine zikashindana nayo. Abiria hubonyeza simu yake, dereva aliye karibu huitwa, na kampuni hukata sehemu ya nauli. Dereva hana saa ya kuingia wala saa ya kutoka. Huwasha simu apendapo na kuizima apendapo. Ndiyo sababu watu wengi wenye kazi nyingine huifanya kwa saa mbili tatu za jioni. Kwetu Bukavu motari husimama njia panda akingoja, au huitwa kwa simu na mtu aliyehifadhi namba yake. Lakini jambo ni lile lile: hakuna kengele inayomwambia kwamba siku yake ya kazi imekwisha.

Tuanze na yaliyo mema, maana si haki kumhukumu mtu kabla ya kutazama chungu chake. Tangu miaka ya 1990 wazazi wa Kongo ndio waliochanga fedha za kumtunza mwalimu, kwa kuwa mshahara wa serikali haukutosha, au haukufika. Mwezi wa Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, kama Katiba ya 2006 ilivyoagiza. Watoto wengi wa maskini walipata nafasi darasani, nasi twamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini walimu wengi walipoteza nyongeza ile ya wazazi, na wengine waliendelea kufundisha bila majina yao kuwa katika orodha ya mishahara. Kisha mwezi wa Februari 2025 M23 waliingia Bukavu, mabenki yakafunga milango, na hata mwenye mshahara akahangaika jinsi ya kuufikia.

Mtu wa namna hii akiazima pikipiki ya shemeji yake, akabeba abiria kutoka Nyalukemba hadi Panzi, au akapanda nao Kadutu, hatendi dhambi yo yote. Heri yeye kuliko yule auzaye alama za mtihani kwa wanafunzi wake. Mikono yake ni safi, na fedha aipelekayo nyumbani ni jasho lake.

Na ile methali ya fisi? Wazee wetu wa Bushi walikuwa na migomba, maharagwe na ng'ombe, wala hakuna aliyewaita fisi. Fisi hakushindwa kwa sababu njia zilikuwa mbili. Alishindwa kwa sababu alitaka kuzipita zote kwa wakati mmoja. Mtakatifu Paulo mwenyewe alikuwa na kazi mbili. Alipokuwa Korintho alikaa kwa Akila na Priskila, akashona mahema pamoja nao, na siku ya Sabato aliacha mahema akaingia katika sinagogi kusema habari za Kristo.

Sasa tutazame na upande wa pili.

Kwanza, kuna udanganyifu wa hesabu. Fedha ya pikipiki huingia mkononi papo hapo, na mtu huihesabu jioni akadhani yote ni yake. Tutoe mfano, na kila mtu aweke hesabu yake mwenyewe. Mwalimu arudi na franka 15,000. Petroli imekula 6,000. Mwenye pikipiki adai 5,000. Mipira, oili, mnyororo na breki havidai kitu leo, lakini vitadai siku moja, tuviwekee 2,000. Zimebaki franka 2,000 kwa jioni nzima. Asiyeandika hesabu hii hula breki zake pasipo kujua, na siku breki zinapokatika mteremkoni, hakuna wa kumlaumu.

Pili, kuna uchovu. Mji wetu umejengwa juu ya milima na juu ya rasi zinazoingia katika ziwa Kivu. Njia zake hupanda na kushuka, na mvua ikinyesha huwa matope. Dereva aliyesimama darasani tangu asubuhi hana macho yale yale usiku. Mtu anayeketi nyuma yake amemkabidhi maisha yake kwa nauli ndogo, wala hajui kwamba dereva anasinzia. Amri ya tano haivunjwi kwa panga tu. Tena kesho yake wapo watoto hamsini au zaidi wanaomngoja. Akiwapa kazi ya kunakili ubaoni ili yeye apate kulaza kichwa mezani, watoto hao wamelipia pikipiki ambayo hawakuipanda.

Tatu, yupo jirani. Vijana wengi wa Bukavu hawana kazi nyingine ila pikipiki. Wao husema: "Mwalimu ana mshahara, mbona atunyang'anya abiria?" Neno hili lastahili jibu. Barabara si mali ya mtu mmoja, na mshahara usiofika hauwezi kuitwa mshahara. Hata hivyo, mwenye kidogo ana wajibu kwa asiye na kitu. Asipunguze nauli kwa makusudi ili awapokonye wengine, kwa kuwa yeye aweza kuvumilia hasara ambayo wao hawawezi. Afuate zamu pale njia panda kama wenzake. Na siku mshahara wake unapofika barabara, akumbuke maneno ya vijana hao.

Nne, zipo nyumba yake na Jumapili. Kazi isiyo na kengele hujipenyeza kila mahali. Zile kampuni za Nairobi zimejua jambo hili: humwahidi dereva fedha ya ziada akifikisha idadi fulani ya safari, naye aliyesema atafanya saa mbili hujikuta usiku wa manane akitafuta safari ya mwisho. Kwetu hakuna ahadi hiyo, lakini simu hulia. Hulia wakati wa chakula, hulia wakati wa Misa. Kila safari moja ni ndogo na ina sababu njema. Ila zote pamoja zaweza kumla mtu mzima.

Basi, tuseme nini? Twaona kipimo ni kimoja: kazi ya pili na imtumikie mtu ili aweze kuifanya ya kwanza. Maadamu pikipiki humlisha mwalimu apate kufundisha, ni mtumishi mwema. Siku darasa linapogeuka kuwa mahali pa kupumzikia ili pikipiki iendelee, mambo yamepinduka, na mwalimu huyo apokea mshahara wa kazi asiyoifanya. Wengine watapinga wakisema Paulo aliandika kwamba alifanya kazi usiku na mchana. Ni kweli, lakini alifanya hivyo asiwalemee waamini, ili Injili isipate kizuizi. Mahema yalitumikia Injili. Injili haikutumikia mahema. Na anayeona kwamba hawezi tena kuwa mwalimu, aache ualimu kwa heshima na kuwa motari kamili. Hiyo ni kazi halali, wala si aibu. Aibu ni kushika jina la kazi na kuwanyima watu kazi yenyewe.

Lakini tusimtwike mwalimu mzigo wote. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba ujira wapasa kutosha kumtunza mfanyakazi mwenye kiasi, na kwamba hata mfanyakazi akikubali ujira mdogo kwa sababu ya shida, ukubali huo haumpi mwajiri haki ya kumdhulumu. Yohane Paulo II naye, mwaka 1981, alikaza kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu. Na Papa Leo XIV, aliyechaguliwa mwezi wa Mei 2025, alieleza kwamba alichukua jina hilo hasa kwa kumkumbuka Leo XIII, kwa kuwa vyombo vipya vya akili ya mashine vyaleta maswali mapya juu ya haki na kazi ya binadamu. Serikali za jirani zimejaribu kuweka mipaka: mwaka 2022 Kenya iliweka sheria kwamba kampuni zisikate zaidi ya 18 kwa mia ya nauli, na Tanzania mwaka huo huo iliweka 15 kwa mia. Yaani kazi mpya haikai nje ya haki ya zamani.

Kwa hiyo tunapomsifu mwalimu kwa kuhangaika usiku, tuangalie sifa yetu isiwe njia ya kuzoea dhuluma. Mwenye shule anayechelewesha ujira, mzazi mwenye uwezo asemaye "mwalimu ana pikipiki, atajitegemea", abiria anayebishania franka 200 na mtu aliyechoka: wote hao wamo katika swali letu.

Kwako wewe ndugu mwenye kazi mbili, twatoa mashauri machache. Ujiwekee saa ya kushuka, nawe mwambie mkeo saa hiyo, awe shahidi wako. Andika matumizi kabla ya kuhesabu faida. Usibebe abiria ukiwa na usingizi, wala usivuke giza kwa tamaa ya safari moja, maana usiku wa mji wetu una hatari zake. Zima simu siku ya Jumapili mpaka umetoka Misani na kula pamoja na watoto wako. Na kila mwisho wa mwezi jiulize mbele ya Mungu: Je, wanafunzi wangu wamepata haki yao?

Kanisa limempa mfanyakazi msimamizi, Mtakatifu Yosefu, ambaye sikukuu yake ya tarehe 1 Mei iliwekwa na Pio XII mwaka 1955. Alikuwa seremala, akawalisha Yesu na Maria kwa kazi ya mikono yake. Tumwombe awalinde barabarani wale watokao jioni hii, na awafikishe nyumbani mapema.