Nani Ajuaye Jiwe?



Huko Kolwezi wachimbaji hubeba magunia ya mawe mpaka kwa wanunuzi. Mnunuzi huelekeza mashine ndogo juu ya jiwe, hutazama hesabu, kisha hutaja kiasi cha kobalti kilichomo, na bei yake. Mchimbaji ametoka jasho shimoni. Pengine ameona mwenzake akifukiwa na udongo. Lakini hesabu ile imepatikanaje? Hajui. Akidanganywa, atatambuaje? Hunung'unika, hupokea franga zake, hurudi shimoni. Na mtoto wake humfuata.

Basi tujiulize: je, kulijua jiwe ni kazi ya watu wengine, na kulibeba tu ndiyo kazi yetu?

Wako wazazi wasemao: «Kemia na hesabu ni masomo ya watoto wa matajiri. Wangu ajue kusoma na kuandika, yatosha.» Tusiwalaumu upesi. Njaa haingoji diploma. Lakini je, Mungu aligawa akili kwa kutazama mali ya wazazi?

Mwaka 1942 mtoto wa wakulima alizaliwa katika nchi ya Bandundu: Jean-Jacques Muyembe. Alisoma kwa mapadri Wajesuiti, akasomea uganga Lovanium, halafu Ubelgiji, kisha akarudi kwetu. Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana uliua watu wengi katika misioni ya Yambuku, na masista pia. Yeye alikwenda kule na kutoa damu ya wagonjwa ipate kuchunguzwa. Ugonjwa ule ndio Ebola. Miaka mingi alitafuta dawa, na dawa moja ilipatikana kutoka damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka 1995. Kama wazazi wake wangalisema «yatosha», hasara ingalikuwa ya nani? Yetu sote.

Twajua mfano wa Bwana wetu juu ya talanta. Mara nyingi twamkaripia mtumishi aliyeizika yake. Lakini yuko mtoto ambaye talanta yake imezikwa na wengine: baba amtumaye kuosha mawe saa ya masomo, mwalimu aandikaye neno «kemia» ubaoni bila kuonyesha kitu, parokia isiyouliza habari zake. Dhambi hiyo si ya mtoto.

Tufanye nini? Katika parokia nyingi yupo muuguzi, au mwalimu, au mzee aliyefanya kazi katika maabara ya mgodi. Baada ya Misa awakusanye vijana. Wapime jiwe kwa mizani likiwa hewani, kisha likiwa limezama majini, waone namna linavyopungua uzito, na watafute kwa nini. Mizani, kamba na ndoo si mali nyingi. Kijana hatajua bado kiasi cha kobalti, lakini atajifunza kusema: «Nionyeshe namna ulivyopima.» Neno hilo ndilo mwanzo wa sayansi, na wa haki pia.

Hata hivyo tukumbuke: anayeshika mashine ya mnunuzi naye amesoma. Elimu peke yake haimzuii mtu kuiba. Kwa hiyo twamtaka mtoto wa mchimbaji aijue mashine ile, wala asilisahau shimo alimotoka baba yake.