Kiungo Kisichoonekana

Liko swali moja la maadili ambalo wengi hudhani limekwisha jibiwa tangu zamani, nalo ni hili: Mtu afanyaye kazi bila kusimamiwa na bwana, bila kulipwa ujira, na bila kutazamwa na yeyote, ana wajibu gani juu ya sehemu ile ya kazi ambayo haitaonekana kamwe? Leo twapenda kulipima swali hili kwa jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni mchezo tu, yaani uundaji wa ndege kubwa za mfano, zitengenezwazo kwa mbao na kuongozwa kwa redio. Msomaji asitucheke upesi. Aghalabu mchezo huonyesha tabia ya mtu waziwazi kuliko kazi ya mshahara, kwa kuwa katika mchezo hakuna anayemlazimisha.

Ndege ziongozwazo kwa redio si jambo la jana wala juzi. Mwaka 1937 ndugu wawili wa Marekani, Walter na William Good, walirusha huko Michigan ndege waliyoiita Guff, ikawatii kutoka ardhini. Nayo leo imewekwa katika makumbusho ya Smithsonian. Tangu siku zile ufundi huu umekua sana, na wako wapenzi wake wasioridhika na vijindege vya kubebwa mkononi. Chama chao kijulikanacho kwa herufi IMAA huihesabu kuwa kubwa ndege yenye safu moja ya mabawa ikiwa upana wake, toka ncha hata ncha, si chini ya inchi 80, yaani mita 2 na zaidi kidogo. Na yenye safu mbili, moja juu ya nyingine, si chini ya inchi 60.

Tuchukue mfano mmoja. Piper J-3 Cub ni ndege ndogo ya watu wawili, ya rangi ya manjano, ambayo marubani wengi wa Marekani walijifunzia kabla ya Vita Kuu ya Pili na wakati wa vita vile. Mabawa yake yana upana wa mita 10.7 hivi. Mtu akiiunda kwa kipimo cha robo, mabawa huwa karibu mita 2.7, na uzito wake hukaribia kilo 9. Ndege hiyo ikienda mwendo wa kilomita 72 kwa saa, pigo lake ni sawa na la mzigo wa kilo 9 uliodondoka kutoka kimo cha mita 20. Na mbele yake kuna rafadha izungukayo maelfu ya mara kwa dakika. Kitu cha namna hiyo si karatasi irushwayo na mtoto. Kikimpata mtu, chaweza kumwua.

Sasa tutazame jinsi kinavyoundwa. Mnunuzi hupokea sanduku lenye ramani na vipande vingi vya mti. Vilivyo vingi ni vya balsa, mti wa Ekuador uotao upesi na wenye wepesi wa ajabu. Vingine ni vya plaiwudi, kwa ajili ya mahali panapobeba nguvu. Siku hizi vipande vingi hukatwa kwa leza, hata vikaingiana vizuri. Lakini kuingiana si kushikamana. Mwundaji huitandaza ramani juu ya ubao ulionyoka, huzisimamisha mbavu za bawa moja moja, huzikaza kwa pini, na kuziunganisha kwa mihimili miwili, mmoja juu na mmoja chini. Kati ya mihimili hiyo hubandika vibao vyembamba, ambavyo nyuzi za mti wake zapaswa kusimama wima. Zikilazwa, bawa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Kazi hii ya jioni baada ya jioni yaweza kuchukua miezi mingi. Ikiisha, mifupa yote huvikwa utando mwembamba unaonata kwa joto la pasi, na mapambo hufuata.

Tangu saa ile kazi yenyewe haionekani tena. Watazamaji wataisifu rangi, na ulaini wa ngozi, na unyofu wa mistari. Hakuna atakayeuona ubavu, wala mhimili, wala tone la gundi.

Hapo ndipo tunapolikuta swali letu. Tuseme mtu mmoja amekwisha kazi yake ya miezi 8. Ndani ya kila bawa kipo kibao cha plaiwudi, ambapo nguzo ya kutegemeza bawa hufungiwa kwa skrubu. Usiku mmoja, ndege ikiwa imekwisha vikwa na kupambwa, anajiuliza: Je, kibao cha kushoto nilikitia gundi, au nilikipachika tu ili kukijaribu, nikaitwa kula, nikasahau? Hana hakika. Ameinyanyua ndege kwa ncha za mabawa, ikashika. Lakini ajua ya kuwa kipande kilichobanwa barabara chaweza kushika leo bila gundi, na kuchomoka kesho kwa mtikisiko wa injini. Na ajua pia kuwa ndege inapoinuliwa ghafula baada ya kushuka kwa kasi, mabawa yaweza kubebeshwa mara tatu ya uzito wake, au zaidi. Jumapili ijayo wenzake watakuja uwanjani, na watoto wao. Afanyeje?

Sauti ya kwanza itamwambia: Huu ni mchezo tu. Twajibu ya kuwa mchezo huondoa wajibu wa kufanikiwa, hauondoi wajibu wa kutodhuru. Anayecheza ana uhuru wa kushindwa, kuacha, kuanza upya, na kuipoteza siku nzima bila faida. Nao ni uhuru mwema. Lakini jeraha la mtu aliyesimama kando ya uwanja halipungui uchungu kwa sababu aliyemjeruhi alikuwa akiburudika.

Sauti ya pili itasema: Ndege ni yake, fedha ni zake, ikivunjika hasara ni yake. Neno hili ni kweli mpaka magurudumu yanapoiacha ardhi. Ikiwa mezani, ndege ni mali ya mtu mmoja. Ikiwa angani, juu ya vichwa vya wengine, hatari yake imekuwa mali ya wote, ingawa wao hawakuulizwa.

Sauti ya tatu ndiyo yenye hila kuliko zote, nayo yasema: Hujui hakika kuwa kuna kosa, huenda ulitia gundi. Waalimu wa maadili tangu kale wametoa mfano wa mwindaji aonaye kichaka kikitikisika, asijue kama ndani yake mna mnyama au mna mtu. Je, aweza kupiga risasi kwa kuwa huenda ni mnyama? La hasha. Shaka yake haimpi ruhusa; shaka yenyewe ndiyo inayomzuia. Akipiga, na ikawa kweli ni mnyama, ameokoka na msiba, lakini hakuokoka na hatia, kwa maana moyoni mwake alikuwa tayari kuuweka uhai wa mtu katika bahati nasibu. Na mwundaji wetu, akiirusha ndege na kibao kikashika, atakuwa katika hali iyo hiyo.

Lakini tujihadhari tusivuke mpaka upande wa pili. Iwapo kila shaka ingemfunga mtu mikono, hakuna ndege ambayo ingeruka, wala nyumba ambayo ingejengwa. Mti una kasoro zake zisizojulikana; injini huzimika; mawimbi ya redio hukatika. Hakuna dhamiri inayodai hakika ya malaika. Basi yafaa tutofautishe shaka za namna mbili. Iko shaka inayobaki baada ya mtu kufanya yote yaliyo katika uwezo wake, nayo ni sehemu ya maisha ya wanadamu. Twaivumilia, tukiweka watazamaji mbali na tusipitishe ndege juu yao. Na iko shaka ambayo mtu aweza kuiondoa, ila hataki kulipa gharama yake. Mwundaji wetu ana kisu. Akipasua utando mahali padogo kama kiganja, atakiona kibao, na baada ya dakika tano shaka itakuwa imekwisha. Linalomzuia si kutojua, bali ni huruma juu ya kazi yake nzuri: doa litabaki, rangi haitalingana, na Jumapili itampita. Shaka ya namna hii haina udhuru.

Wengine watasema kuwa mambo haya yaachiwe sheria na wakaguzi. Sheria ni njema, nasi hatuidharau. Nchini Marekani, chama cha Academy of Model Aeronautics hutaka ndege ya mfano inayozidi ratili 55, yaani karibu kilo 25, ikaguliwe na kupewa kibali maalumu. Lakini ndege yetu ya kilo 9 haifiki hapo hata nusu. Na hata ingefika, mkaguzi huona yanayoonekana: hutikisa usukani, hupima mizani, huuliza maswali. Hatimaye hana budi kuliamini neno la mwundaji. Ukaguzi wote umesimama juu ya ukweli wa mtu mmoja.

Zamani wapenzi wa mchezo huu walikuwa na desturi moja iliyotufundisha mengi. Redio zao zilitumia njia zenye namba, na watu wawili wakiwasha namba moja kwa wakati mmoja, ndege iliyo angani huenda ikaanguka. Kwa hiyo uwanjani palitundikwa ubao wenye vibanio, na hakuna aliyewasha mtambo wake kabla ya kuwa na kibanio cha namba yake. Redio mpya za miaka ya 2000 zimeiondoa karibu hofu hiyo yote. Lakini angalia tofauti: hatari ile ilikuwa na alama ya hadharani, kila mtu aliiona na kumwonya mwenzake. Kiungo kisicho na gundi hakina ubao wala kibanio. Mlinzi wake ni yule aliyekifunika, peke yake.

Kwa sababu hiyo twaona ya kuwa wajibu juu ya kisichoonekana si mdogo kuliko wajibu juu ya kinachoonekana, bali ni mkubwa zaidi. Kasoro ya nje ina mashahidi wengi, na yeyote aweza kuisema. Kasoro ya ndani ina shahidi mmoja, na akinyamaza yeye, hakuna wa kuwatetea waliosimama chini. Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza ya kuwa uko ufa ambao wewe peke yako waujua, na ukuta wake utamwangukia mwingine.

Wala haya si ya waunda ndege tu. Mwashi azikaye nondo katika zege, fundi wa umeme afungaye nyaya nyuma ya dari, karani atiaye saini hesabu zisizosomwa na mtu, wote hufunika kazi yao kwa utando wa namna moja au nyingine, na wote huitwa usiku na swali lile lile. Twamshauri kila mmoja asilijibu kwa kusema, Huenda ni salama. Ikiwa kisu kipo, na mahali pa kupasua panajulikana, apasue. Doa litakalobaki juu ya bawa halitamwonea haya mtu yeyote. Na akiulizwa habari zake, atakuwa na neno la kweli la kusema.