Elimu Iliyotoka Katika Tanuri la Vita

Shika kipande cha barafu, ewe msomaji. Wajua ya kuwa kila molekuli ya maji ni atomi mbili za haidrojeni zilizoshikamana na moja ya oksijeni. Lakini ndani ya barafu, haidrojeni hizo zimekaa wapi hasa? Miali ya eksirei hutawanywa na elektroni, na haidrojeni ina elektroni moja tu. Kwa hiyo ilifichika, mfano wa mtoto aliyesimama nyuma ya watu wazima. Mwaka 1935 Linus Pauling wa Marekani alikisia kwamba kati ya kila oksijeni mbili zilizo jirani pana haidrojeni moja, nayo hushikamana sana na moja na kuivuta nyingine kwa mbali. Kila oksijeni hubaki na haidrojeni mbili zilizo karibu. Lakini ni zipi, hilo halina mpango katika barafu nzima. Lilikuwa kisio zuri, lakini kisio tu.

Mwaka 1949 Ernest Wollan, Clifford Shull na mwenzao walipeleka nyutroni katika barafu ya maji mazito, yaani maji yenye haidrojeni nzito. Nyutroni haina umeme. Hupenya hata ikagonga kiini cha atomi, na jinsi zinavyotawanyika huonyesha mahali viini vilipo. Kisio cha Pauling kikathibitika.

Basi nyutroni hizo zilitoka wapi? Zilitoka katika tanuri la atomi la Oak Ridge, lililojengwa mwaka 1943 ili watu wajifunze kutengeneza plutoniamu, kitu kile kile kilichotiwa katika bomu lililoteketeza Nagasaki mwaka 1945.

Mwanafunzi wangu mmoja alisema elimu hiyo ni maji safi ndani ya kibuyu cha sumu, yafaa imwagwe. Nilimjibu upesi kwamba panga hukata kuni, na panga hilo hilo huua. Siku hizi jibu hilo halinitoshelezi, maana panga halikufuliwa kwa ajili ya kuua, bali tanuri lile lilijengwa kwa ajili ya vita. Hata hivyo siwezi kukubali kumwaga. Barafu ilikuwa hivyo kabla ya bomu, na kulisahau jambo la kweli hakumfufui mtu hata mmoja. Wala kulijua hakulipi deni lake.

Kwa hiyo nifundishapo barafu, huanza na mwaka 1943, ndipo nikafika 1949.