Je, Kila Mtu na Ladha Yake?

Jua linapotua katika mji wa Kasese, na vilevile huko Bwera karibu na mpaka wa Mpondwe, vijana hukusanyika mbele ya vibanda vya video. Ndani huonyeshwa sinema za kigeni, naye mtafsiri, yule ambaye watu humwita VJ, huzisimulia kwa Kiganda akitia na mzaha wake mwenyewe. Jirani yake aghalabu pana kioo cha mchezo wa kompyuta, ambapo vijana wawili hushindana kandanda kwa malipo madogo. Watokapo, hukumu hutolewa papo hapo njiani: "Ile kali!" "Ah, ile bure tu!" Hakuna aulizwaye sababu, wala hakuna aitoaye. Mtu akibanwa kidogo, hujikinga kwa kauli ambayo imekuwa ngao ya wengi: kila mtu na ladha yake.

Twataka kuuliza hapa kama ngao hiyo ni imara. Je, maoni yatolewayo kwa wepesi juu ya sinema, michezo na vitabu vya katuni yana wajibu wowote? Au ni pumzi tu, itokayo kinywani na kupotea? Huenda msomaji akaona kwamba swali hili ni dogo mno kwa jarida la walimu. Twamwomba atuvumilie, maana sisi wenyewe tulilidharau, na dharau hiyo ikatugharimu.

Kauli ya kwamba kila mtu na ladha yake ina ukweli ndani yake. Hatumshtaki mtu apendaye ugali wa muhogo kuliko ndizi. Lakini na tuangalie maneno yetu kwa makini, kwani lugha yenyewe yatufundisha. Asemaye "siipendi" amesema habari za nafsi yake, na juu ya nafsi yake hapana ajuaye zaidi. Asemaye "ni mbovu" ameondoka katika nafsi yake na kuingia katika kazi ya mtu mwingine. Neno la kwanza ni ungamo. La pili ni shtaka. Kosa letu la kila siku ni kutoa shtaka, kisha tukiulizwa ushahidi, kukimbilia katika ungamo.

Tuchukue mfano wa nchini kwetu. Mwaka 2010, huko Wakaliga mjini Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza sinema iitwayo "Who Killed Captain Alex?" kwa fedha kidogo sana, na silaha zilizoonekana humo ziliundwa kwa vipande na mabaki ya vyuma na mbao. Mtu anaweza kuitazama asiipende, na hiyo ni haki yake. Lakini akiiita mbovu kwa sababu bunduki zake si za kweli, amehukumu mfuko wa mtengenezaji wala hajaigusa kazi yake. Hajauliza kazi hiyo ilikusudia nini: kuchekesha, kusisimua, au kuwaonyesha watu wa mtaa mmoja kwamba nao waweza kutengeneza sinema.

Wako wasemao, kwa upande wa pili, kwamba hukumu iachiwe wataalamu. Sisi walimu wa lugha huvutwa sana na rai hii, kwa kuwa tumesomea fani na maudhui na twajiona kuwa mahakimu wa haki. Hapa ndipo inapotulazimu kusimulia kisa chetu.

Mwaka 2018 ilitoka sinema ya Kimarekani iitwayo "Black Panther", iliyoongozwa na Ryan Coogler. Asili yake ni katuni: shujaa wake alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby, akatokea mara ya kwanza mwaka 1966. Habari yake ni ya nchi ya kubuni, Wakanda, yenye mlima wa madini ya thamani isiyo kifani. Watu wake wameyaficha madini hayo, na mbele ya ulimwengu hujifanya maskini. Mfalme kijana apaswa kuamua kama ataendelea kuficha au atafungua milango.

Sinema hiyo ilifika katika vibanda vyetu kama zifikavyo nyingine. Mwanafunzi wetu mmoja, msichana wa kidato cha pili, aliitazama, kisha akaja na daftari lenye mwanzo wa insha. Alitaka kuandika juu yake. Sisi hatukuwa tumeitazama. Tulikuwa tumepita tu mlangoni pa kibanda siku moja, tukaona mtu aliyevaa vazi la chui akirukaruka juu ya gari. Tulimrudishia daftari bila kulifungua, tukamwambia, kwa upole na hata kwa tabasamu, "Mwanangu, hayo ni mambo ya kitoto. Andika juu ya jambo zito." Alijibu, "Ndiyo, Mwalimu." Juma lililofuata alileta insha juu ya umuhimu wa usafi. Haikuwa na kosa la sarufi hata moja, wala haikuwa na uhai.

Miezi kadhaa baadaye tuliitazama sinema hiyo kwa mwalimu mwenzetu, kwa kupoteza wakati tu. Mwenzetu akatuambia kwamba, ingawa sehemu kubwa ilipigwa huko Atlanta, baadhi ya picha za angani za nchi ile ya kubuni zilipigwa juu ya milima yetu hii ya Rwenzori. Tulikaa wima. Milima ambayo twaiona kila asubuhi mawingu yanapoinuka ilikuwa mbele yetu, nasi tulikuwa tumeiita ya kitoto.

Hata hivyo si milima iliyotuchoma zaidi. Tulimwita yule msichana tukamwuliza alikuwa ametaka kuandika nini. Alisita, kisha akasema, "Mwalimu, nilitaka kuuliza kama mfalme yule alikosea kuficha. Wao walifunga mlima wao. Sisi wetu wa Kilembe ulifunguliwa."

Msomaji wa mbali huenda asiujue uzito wa maneno hayo. Kilembe ni bonde lililo juu kidogo ya mji wetu. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, na sababu yake kubwa ilikuwa shaba ya bonde hilo. Shaba ilichimbwa, ikapelekwa Jinja kuyeyushwa, ikavuka bahari. Uchimbaji ulidhoofika katika miaka ya 1970, hatimaye ukasimama; treni nazo zikakoma kuja. Yaliyosalia ni mashimo, nyumba za wafanyakazi, na marundo ya mabaki ambayo baadaye yalichujwa kobalti. Msichana wa miaka kumi na mitano alikuwa ameketi katika kibanda chenye joto, akayaona hayo yote katika sinema ya vazi la chui. Tena aliyaona kupitia lugha nyingi: wahusika walisema Kiingereza na mara nyingine Kixhosa, mtafsiri akasema Kiganda, yeye akawaza kwa Lukonzo, kisha akakusudia kutuandikia kwa Kiswahili. Sisi tuliosomea fani na maudhui hatukuwa tumeona kitu.

Tulimwomba aiandike insha ile. Akasema kwa adabu, "Nimekwisha kuisahau, Mwalimu." Hatukuweza kumlazimisha. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi; dole hupona.

Kutokana na kisa hiki twajifunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba maoni ni aina ya ushahidi, na sharti la kwanza la shahidi ni kuwapo. Haimpasi kuwa msomi. Yampasa awe ametazama. Hapa pana jambo la kufikiriwa kuhusu vibanda vyetu. Atazamaye kwa sauti ya VJ, kama wale watazamao kwa sauti ya Lufufu huko Tanzania au DJ Afro huko Kenya, ametazama kazi ya watu wawili: aliyeitengeneza na aliyeisimulia upya. Huenda alichokicheka ni mzaha wa mtafsiri, na alichokichukia pia. Si aibu kuitazama sinema hivyo, na yule msichana ni ushahidi wetu. Uaminifu hudai tu kwamba mtu aseme aliona nini na alionaje.

La pili ni kwamba wepesi wa neno haupimwi kinywani mwa msemaji bali masikioni mwa msikilizaji. Kijana akimwambia kijana mwenzake, "Ile bure," mwenzake hucheka, humbishia, na kesho huitazama mwenyewe. Neno lile lile likitoka kwa mwalimu, mzazi au kiongozi wa dini, hushuka kama jiwe. Sisi tulidhani tunatoa maoni. Yeye alisikia amri. Kwa hiyo kadiri kiti cha mtu kilivyo juu, ndivyo haki yake ya kusema ovyo inavyopungua.

Huenda tukaulizwa: je, mwataka kuua furaha ya baraza, ili mtu asiseme neno juu ya mchezo au katuni mpaka ameandika tasnifu? Hasha. Ubishi wa njiani ni shule, na wengi wetu tulijifunza kuhoji humo kabla ya kujifunza darasani. Na waendelee kubishana hadi usiku. Twaomba tu kwamba pawepo swali moja katikati ya makelele hayo: "Uliona nini?" Si "ulipenda?" wala "ni nzuri?", bali "uliona nini?" Ajibuye swali hilo hulazimika kurudi katika kazi yenyewe, na mara nyingi hukuta kwamba hukumu yake ilikuwa imetangulia macho yake.

Husemwa kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Sisi tulikuwa na macho, na ilitubidi kuambiwa, tena na mtoto. Ndugu walimu, siku mwanafunzi atakapokuja na daftari lenye jina la sinema msiyoijua, au mchezo msioupenda, au katuni mnayoiona ya kipuuzi, lifungueni kwanza. Huenda msikute kitu. Lakini mkilirudisha bila kulifungua, hamtajua kamwe kilichokuwamo, na huenda hata mwenyewe akakisahau.