Kivuli Kilichotangulia Mtu
Mwaka wa 1995 Cocteau Twins, bendi ya Uskoti, waliachia Otherness: nyimbo zao nne zilizofumuliwa na kushonwa upya na Mark Clifford wa Seefeel. Mbili, "Violaine" na "Seekers Who Are Lovers", zilitoka kwa sura yao ya kawaida mwaka uliofuata, kwenye Milk & Kisses. Yaani remiksi ilitangulia. Sasa hapo nani anamdai nani uaminifu?

Mimi pia nilianza na remiksi. Nilipofikia "Violaine" yenyewe, nikaona mtu ameniharibia wimbo. Aibu, kusema kweli: nimemwita mwenye nyumba mgeni. Tena mimi ndiye hupiga kelele kwamba kugusa kazi ya mtu ni kuiba! Lakini bendi walimkabidhi wenyewe. Na usiku, bado nacheza ya Clifford.