Wingi wa Mikono, Uchache wa Siku

Aghalabu mwanafunzi wa darasa la saba hapa Shinyanga, akiulizwa iwapo vibarua 6 huchuma pamba ya shamba kwa siku 8, vibarua 12 watatumia siku ngapi, huzidisha na kuandika 16, ilhali yeye mwenyewe, vidole vikichomwa na ncha kavu za vitumba, ameshuhudia ya kuwa wachumaji wakiongezeka shamba humalizika upesi. Namsihi afanye taamuli kabla ya kushika kalamu: kazi yote ni siku 48 za mtu mmoja, nazo zikigawanywa kwa 12 hupatikana 4. Dhahabu ya Geita ina hesabu nyingine, ambamo kuzidisha ndiko sahihi: pete ya karati 18, yaani robo tatu ya 24, yenye uzito wa gramu 8, ina dhahabu safi gramu 6, na pete mbili za namna hiyo, gramu 12.